Nianze na lugha gani ya programu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hayachoshi kuulizwa. Yanatoka kwa waliomaliza kidato cha nne au cha sita wakisubiri matokeo, kwa walimu, kwa wenye maduka, kwa wazazi, na kwa vijana wenye simu moja na bando la wiki. Majibu mengine yana upendeleo wangu na sitauficha.

Nipe jibu moja bila kuzunguka. Nianze na ipi?

Python. Kama nia yako ni tovuti, yaani kitu ambacho mtu atakifungua kwenye kivinjari cha simu yake, basi JavaScript. Na kama chuo kimeshakupangia lugha muhula huu, anza na hiyo hiyo ya chuo, iwe C, Java au nyingine yoyote. Una mwalimu, una wenzako wanaohangaika na zoezi lilelile, na mtihani unakuja upende usipende.

Kuwa na mtu wa kumuuliza kunazidi tofauti yoyote iliyopo kati ya lugha na lugha. Kijana wa Tabora ambaye binamu yake anatengeneza tovuti kwa PHP atafika mbali zaidi kwa PHP kuliko kwa Python anayoisoma peke yake usiku. Wanaobishana mitandaoni kuhusu lugha bora huwa wameshajua lugha nne au tano, na wamesahau jinsi kosa la mabano moja linavyoweza kumla mtu jioni nzima. Kwa hiyo kabla hujachagua, tazama kwanza nani yuko karibu nawe na anajua nini.

Hiyo Python ina nini cha pekee?

Ilitengenezwa na Guido van Rossum huko Amsterdam na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye lugha iitwayo ABC, iliyokusudiwa watu wasio wataalamu, na wepesi wa Python umetoka huko. Tazama hesabu ya kikoba:

```
mchango = 10000
wanachama = 25
print("Mfuko una shilingi", mchango * wanachama)
```

Mistari mitatu, na skrini inakujibu kuwa mfuko una 250000. Kwenye Java ya vitabu vingi vya chuo, kabla hujafika kwenye hesabu hiyo unaandika kwanza mistari ya `class` na `main` ambayo mwalimu atakwambia uikariri tu, maelezo yatakuja baadaye.

Tahadhari moja. Ukikuta somo limeandika `print "Habari"` bila mabano, hilo ni la Python 2, ambayo waliokuwa wakiitunza waliiacha rasmi mwanzoni mwa 2020. Masomo ya namna hiyo bado yamejaa mtandaoni, na mengine yanauzwa. Lifunge, tafuta jingine.

Jambo la pili linalowasumbua wageni ni nafasi za mwanzo wa mstari. Python inatambua mistari ipi iko chini ya sharti lipi kwa kutazama imesogezwa ndani kiasi gani. Ukichanganya kitufe cha Tab na nafasi za kawaida, kwa macho mistari inaonekana sawa kabisa, lakini programu inakataa. Chagua nafasi nne, basi.

Mwalimu wangu anasema asiyeanza na C hajui kompyuta. Ni kweli?

Ana hoja. C iliandikwa na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na karibu kila kitu unachokigusa kimesimama juu yake. Kiini cha Linux, ambacho ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa. Hata Python unayoipakua kutoka tovuti yake rasmi imeandikwa kwa C. Anayejua C anajua kumbukumbu ya kompyuta inagawanywaje, na ujuzi huo hauozi.

Ila fikiria mtu anayejifunza peke yake. Ametenga nafasi 25 za wanachama, kisha kwa bahati mbaya anaandika jina kwenye nafasi ya 26. Python itasimama hapo hapo na kumwambia amepita mwisho wa orodha, na mstari wenye kosa ni upi. C inaweza kunyamaza. Jina litaandikwa juu ya kitu kingine kilichokaa jirani, programu itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kosa litajitokeza mbali kabisa, pengine kesho yake. Darasani yupo mwalimu wa kukuonyesha. Chumbani kwako saa tano usiku hayupo mtu.

Kozi ya CS50 ya chuo kikuu cha Harvard, ambayo inapatikana bure mtandaoni, imechukua njia ya katikati: inaanza na Scratch, lugha ya kuburuta vipande, inaingia C kwa wiki kadhaa, kisha inahamia Python. Mwenye nidhamu ya kumaliza kozi ndefu aifuate hiyo. Na anayetaka kucheza na Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki), taa, vihisi na pampu za maji asipite Python kabisa: lugha ya Arduino ni C++ iliyorahisishwa, na mtu akiona taa inawaka kwa amri yake hahitaji kushawishiwa tena.

Java na JavaScript ni kitu kimoja?

Hapana. Zote zilitoka 1995. Java ilitoka kampuni ya Sun Microsystems. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich wa Netscape, na umbo lake la kwanza lilikamilika kwa siku kumi. Jina lilichaguliwa kwa sababu za kibiashara, kwa kuwa Java ndiyo iliyokuwa ikivuma wakati huo. Tangazo la kazi linalosema Java halimtafuti mtu wa JavaScript.

Sina kompyuta, nina simu tu. Nisubiri?

Usisubiri. Kwenye simu ya Android unaweza kuweka Pydroid 3 na kuandika Python moja kwa moja, tena bila intaneti ukishaisakinisha. Kwa JavaScript na HTML ipo Acode, ambayo ni ya kuandikia, na kivinjari chako ndicho kinachoonyesha matokeo. Aliyezoea kidogo anaweza kuweka Termux, inayokupa mazingira ya Linux ndani ya simu, ingawa siku za kwanza skrini ile nyeusi inatisha.

Kinachokwamisha kwenye simu ni kibodi. Kwanza, inapenda kuanza kila mstari kwa herufi kubwa. Unaandika `print`, yenyewe inageuza kuwa `Print`, na Python inakwambia haimjui huyo. Matoleo mapya yanaongeza swali la upole: je, ulikusudia `print`? Zima kabisa herufi kubwa za kujitokea na marekebisho ya maneno. Pili, alama za nukuu. Ukiandikia msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenye kitunza maandishi fulani au ukiunakili kutoka kwenye ujumbe, alama zilizonyooka zinageuka zile zilizopinda za vitabuni, na hakuna lugha ya programu kati ya hizi inayozikubali kama alama za kufungia maneno. Watu wametafuta kosa hilo kwa saa nzima, maana kwenye skrini ndogo zinafanana. Tatu, mabano ya mraba na yale ya mawimbi yamefichwa ukurasa wa pili au wa tatu wa kibodi. Hapa Python ina nafuu, kwa kuwa haitumii mawimbi kufungia vifungu kama JavaScript inavyofanya.

Ukipata waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB na simu, na kibodi ya kawaida ya USB, kazi inabadilika kabisa. Kibodi ya mtumba ni bei ya chini sana kuliko kompyuta.

Na mwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4?

Inatosha kwa Python, JavaScript, PHP na C. Anza na Thonny, kihariri cha Python kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza; ni chepesi na kinakuonyesha hatua kwa hatua thamani ya kila kitu inavyobadilika. Haitoshi kwa Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, ambayo inadai GB 8 kwa uchache, na hata hizo inazimaliza. Kama una hela ya kuboresha kitu kimoja tu, toa diski ya zamani uweke SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Fundi yeyote wa kompyuta anaifanya siku hiyo hiyo.

Bando langu ni dogo. Ipi inakula kidogo?

JavaScript haikuli chochote, kwa sababu kila kivinjari tayari inayo. Faili la kusakinishia Python kwenye Windows ni chini ya MB 50, na mwongozo wake wote unaweza kuupakua mara moja ukausoma bila mtandao. Android Studio inapita GB 1 kabla hujaongeza vifurushi vyake vingine, na vifurushi hivyo navyo vina njaa.

Kinachomaliza bando hasa ni video. Somo la saa mbili la video unaweza kulisoma kwa maandishi kwa kurasa chache tu. Tafuta maandishi.

Kiingereza changu si kizuri. Kuna lugha ya programu ya Kiswahili?

Ipo. Inaitwa Nuru, imetengenezwa na Watanzania, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Hivi ndivyo inavyosomeka:

```
fanya bei = 2500
fanya kilo = 3
kama (bei * kilo > 5000) {
    andika("Mpe punguzo")
} sivyo {
    andika("Bei ya kawaida")
}
```

Na hii ni Python kwa jambo lilelile:

```
bei = 2500
kilo = 3
if bei * kilo > 5000:
    print("Mpe punguzo")
else:
    print("Bei ya kawaida")
```

Ukiziweka pamoja unaona kwamba Kiingereza kilichomo kwenye Python ni kidogo kuliko watu wanavyoogopa. Maneno iliyoyatenga kwa matumizi yake ni 35 tu, na kwa miezi ya mwanzo utahitaji labda kumi. Majina ya vitu vyako yote yanaweza kuwa ya Kiswahili: `bei`, `jumla`, `idadi_ya_magunia`. Nakushauri ufanye hivyo. Ukiona jina la Kiswahili unajua ni lako, ukiona la Kiingereza unajua ni la lugha, na mwanzoni mgawanyo huo unasaidia mno.

Kiswahili kina mtego wake mmoja, ambao vitabu vya Kiingereza havitakuonya. Jaribu kuandika `print('Ng'ombe')`. Python itadhani maneno yameishia kwenye Ng, kisha itashangaa ombe ametoka wapi. Ukizoea kufungia maneno kwa alama mbilimbili, `print("Ng'ombe")`, hutakutana na hilo tena. Wala usijaribu kuita kitu chako `ng'ombe`. Andika `ngombe` bila ile alama na maisha yaendelee.

Kiingereza kinakubana hasa kwenye ujumbe wa makosa na kwenye maelezo ya maktaba, yaani misimbo iliyoandikwa na wengine ili uitumie. Jumbe za makosa unazokutana nazo mara nyingi hazizidi kumi na tano. Zitengenezee daftari: ujumbe upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, na mfano uliokupata wewe mwenyewe. Tovuti ya freeCodeCamp nayo ina baadhi ya masomo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Sasa, je, uanze na Nuru? Kwa mtoto wa shule ya msingi, au kwa mtu mzima anayetaka kuonja tu aone kama jambo hili linamfaa, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa anayetafuta kazi, ionje wiki moja au mbili kisha hamia Python. Maktaba, vitabu na watu wa kuuliza bado wako huko.

Nataka kazi. Ipi inalipa?

Inategemea unataka kulipwa na nani, na hapa ndipo watu wanapochukua orodha ya mishahara ya California wakaipeleka Mwanza.

Wateja wadogo, yaani hoteli, shule, makanisa, watembeza watalii na magazeti madogo, wanataka tovuti, na nyingi ya hizo ni za WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti ambao umeandikwa kwa PHP. PHP inadharauliwa na vijana wa mjini, lakini ndiyo inayolipa kodi ya chumba kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani, liliandikwa kwa PHP, na likatumika nchi nyingi duniani.

Upande wa afya kuna Java nyingi kuliko watu wanavyojua. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret. DHIS2, ambao wizara za afya za Kenya na Tanzania hukusanyia takwimu za vituo, unatoka Chuo Kikuu cha Oslo. Seva yake ni Java na kurasa zake ni JavaScript. Mashirika yanayozunguka mifumo hii yanatafuta watu mara kwa mara, na waombaji wengi wanafika wakijua Python peke yake. Benki nazo zina Java ya kutosha.

Malipo ya simu hayakufungi kwenye lugha yoyote. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Safaricom sasa ina mlango wa Daraja ambao programu yako inauzungumzisha kupitia mtandao. Iwe umeandika kwa PHP, Python au JavaScript, Daraja haijui wala haijali. Menyu zile za kubonyeza nyota na namba ni hivyo hivyo: Africa's Talking ya Nairobi inakupa hata simu ya majaribio ndani ya kivinjari ujaribu menyu yako kabla ya kulipia chochote.

Ningefanya hivi: kabla ya kuchagua, kusanya matangazo ya kazi ya mji wako kwa mwezi mmoja na uhesabu lugha zilizotajwa. Kisha uliza mafundi wawili watatu wanaojitegemea wateja wao wanataka nini. Hiyo ni takwimu yako, na hakuna orodha ya mtandaoni itakayoishinda.

Nataka kutengeneza programu za simu za Android.

Kotlin, ambayo Google iliipa kipaumbele kwa Android mwaka 2019, au Dart ukitumia Flutter, ambayo msimbo mmoja unatoa programu ya Android na ya iPhone. Zote mbili zinahitaji mashine yenye nguvu. Usipokuwa nayo, jifunze JavaScript kwanza na utengeneze tovuti inayokaa vizuri kwenye simu. Wateja wengi hawataona tofauti. Swift ya iPhone, bila kompyuta ya Mac, iache.

Nataka akili mnemba.

Python, na hapa hakuna mjadala. PyTorch, TensorFlow, pandas na zana nyingine za kazi hiyo zinaingiliwa kwa Python, ingawa ndani kabisa kinachokokotoa ni C++ na ndugu zake. Google Colab inakuwezesha kuendesha hayo kwenye kompyuta za mbali kupitia kivinjari, hata kwa simu, mradi una mtandao. Ukishaiva kidogo, ziko data za Kiswahili za kuchezea: sauti za Kiswahili za Common Voice ya Mozilla ni za wazi kwa kila mtu.

Lakini sasa akili mnemba inaandika programu yenyewe. Kuna haja ya kujifunza?

Iambie ikuandikie programu ya kikoba. Itaandika, tena kwa sekunde chache. Sasa mwanachama akichelewa anatozwa faini: je, faini hiyo inaingia kwenye mfuko wa jamii au inagawanywa na faida kwa kufuata hisa? Usipoieleza itajichagulia, na mara nyingi haitakwambia imechagua. Asiyeweza kusoma mistari thelathini ya Python atagundua siku ya kuvunja kikoba, mbele ya kina mama ishirini na tano wenye madaftari yao mkononi.

Kwa hiyo jifunze, na itumie kama mtu wa kumuuliza. Ibandikie ujumbe wa kosa na uiombe ikueleze kwa Kiswahili. Hapo inafanya kazi nzuri. Usiiache ikufanyie mazoezi ya mwanzo. Na jambo moja linalogusa uchaguzi wa lugha: imesoma Python na JavaScript nyingi mno, kwa hiyo huko inakosea kidogo. Kwenye Nuru inaweza kukubunia maneno ambayo hayapo.

Mwanangu ana miaka tisa.

Scratch, ya maabara za MIT, iliyotoka 2007. Anaburuta vipande vya rangi na kuviunganisha badala ya kuandika, menyu zake unaweza kuziweka Kiswahili, na inasakinishwa ikafanya kazi bila intaneti. Mwache atengeneze mchezo wake wa ovyo wa paka anayekimbiza mpira. Usimharakishe aingie Python. Wazazi wa Kenya wajue kwamba taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo waulize shule kwanza kabla ya kulipia mafunzo ya pembeni.

HTML ni lugha ya programu?

Hapana, ni ya kupangia ukurasa: haina sharti wala kitanzi (amri ya kurudia jambo). Lakini anayekwenda JavaScript ataipitia lazima, na ni siku chache tu. Afadhali zaidi ujifunze SQL mapema, lugha ya kuulizia hifadhidata. Inatumika na zote nilizozitaja, na kuna ofisi zinazomwajiri mtu kwa SQL na Excel peke yake.

Hesabu zilinishinda shuleni.

Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, asilimia. Kwa mwaka wa kwanza zinatosha, isipokuwa umeelekea akili mnemba au michezo ya kompyuta.

Rust na Go zinasifiwa sana.

Zinastahili sifa. Rust si ya mtu wa kwanza. Go inawezekana, kama una mtu karibu anayeitumia.

Nikichagua vibaya nitakuwa nimepoteza muda?

Sehemu kubwa unahama nayo. Kuweka thamani kwenye jina, sharti, kitanzi, orodha, kuvunja kazi kubwa kuwa fankisheni, yaani vipande vidogo vyenye jina: haya yapo kila mahali, na lugha ya pili huchukua muda mfupi sana kuliko ya kwanza. Tabia za kila lugha ndizo zinazokushtua. Chukua ukurasa wa JavaScript ambao mwanachama anaandika mchango wake kwenye kisanduku. Ameandika 5000, na akiba yake ya awali ni 3000. Kisanduku kinarudisha maandishi, hakirudishi namba, na JavaScript ikikuta maandishi na namba kwenye alama ya kujumlisha inaviunganisha kama maneno: 50003000. Huyo mwanachama sasa ana milioni hamsini na elfu tatu. Ajabu zaidi, ukitumia alama ya kutoa badala ya kujumlisha inafanya hesabu sawasawa, 2000. Python katika hali hiyo ingekataa na kukuambia haiwezi kuunganisha maandishi na namba, mpaka ubadilishe kwanza maandishi kuwa namba kwa `int`. Ndiyo maana naipendelea kwa mtu wa kwanza: inakataa mapema.

Kinachopoteza muda kweli ni kuhama kila baada ya wiki tatu, kila lugha ukiishia kwenye somo la kitanzi. Kaa na moja mpaka utengeneze kitu ambacho mtu mwingine anakitumia. Daftari la kikoba au la chama linafaa mno, kwa sababu lina majina, michango, tarehe, faini na mikopo, na kuna mtu atakayelalamika likikosea. Anza na programu inayosoma majina kutoka faili na kutoa jumla. Kisha ihifadhi michango mipya. Kisha hifadhidata, kisha ukurasa wa mtandao. Ukifika hapo, swali la lugha utakuwa umeshaacha kuliuliza.

Kozi za kulipia zina maana?

Kwa nidhamu na wenzako wa kusoma nao, ndiyo. Kwa maudhui, sehemu kubwa ipo bure. Omba kuona kazi za waliomaliza kabla hujatoa hela. Wakikuonyesha vyeti tu, rudi nyumbani.

Nikikwama usiku na hakuna wa kumuuliza?

Soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa kwanza; kwenye Python ndio wenye habari. Kisha tafuta namba ya mstari, na utazame pia mstari wa juu yake, maana mabano yaliyosahaulika juu hulalamikiwa chini. Weka `print` katikati uone thamani ilivyo pale. Futa vipande mpaka ibaki programu fupi kabisa yenye kosa lilelile. Mara nyingi kosa hujitokeza lenyewe katikati ya kufuta.

Ikishindikana, andika swali kwenye kundi lako: ulitaka nini, umepata nini, msimbo wenyewe, na ujumbe wote wa kosa, vyote kwa maandishi. Ukituma picha ya skrini iliyopigwa kwa pembeni, taa ya chumbani imeakisi katikati ya msimbo, jibu la kwanza utakalopata ni: tuma maandishi.